Nani kakwambia?

Swali lenu la wiki hii mmeuliza nani alikufunza mambo nje ya darasa na mlikuwa mmekaa wapi. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele cha pikapu ya Datsun, kiti kimechanika sponji lote nje, miguu juu ya jeki na spana maana chini hapakuwa na pa kuiweka, na mwalimu mwenyewe ni babangu. Hakujua kama anafunza. Angejua nahisi angeharibu.

Baba alikuwa akipeleka maembe soko la Kongowea. Sisi ni watu wa Malindi na msimu wa embe kwetu waangukia kwenye likizo ya Disemba, kwa hiyo tangu nikiwa na miaka 9 nikawa ndiye utingo wake. Tukishaswali alfajiri twaondoka, ngowe na embe apple zimefunikwa turubai nyuma, kilomita kama 120 mpaka Mombasa, na ile Datsun haikuwa na haraka ya kufika popote. Redio ilishaibiwa zamani. Kilichobaki ni mdomo wa baba.

Sasa nyumbani babangu si mtu wa maneno, ukimwamkia akakuitikia ndo basi yashaisha. Ndani ya gari alikuwa mtu mwengine kabisa, kila tulipopita pana habari yake. Tukifika Kilifi lazima anihadithie feri, ile habari naijua kwa moyo, kwamba kabla daraja halijafunguliwa 1991 foleni ilikuwa inapanda mpaka kule juu na embe zaiva ndani ya gari huku mwenyewe wazitazama, na nzi washapata habari kabla ya wateja. Hapo alikuwa anacheka peke yake.

Lakini kubwa lilikuwa hili: huwezi kumwambia kitu akakipokea hivi hivi. Nikisema msitu wa Arabuko una majini, "nani kakwambia?" Nikisema mwalimu mpya ni mkali, nani kakwambia. Na jibu baya kuliko yote lilikuwa "watu wote wasema", hapo alikuwa anashusha gea kabisa anigeukie, "wote? wewe ushawauliza wote mama?" Basi itabidi nitafute ni nani hasa aliyesema, na yeye alikuwepo au naye kaambiwa tu. Wala hakuwa akinigombeza, alikuwa akiuliza vile anavyouliza bei. Mwanzoni ilikuwa yanikera hadi nanyamaza kutoka Matsangoni mpaka Tezo, halafu nikaona kumbe hata mimi naweza kuuliza.

Mara ya kwanza kumrudishia ilikuwa vipepeo. Tulikuwa twapita pale njia panda ya Gede akasema watu wa vijiji vya hapa huwafuga vipepeo wakauzwa Ulaya. Nikamwambia baba, nani kakwambia? Hakujibu. Akakata kona, akaegesha, akanishika mkono tukaingia ndani kule kwenye magofu ulipo ule mradi wa Kipepeo, uliopo tangu 1993, na yule dada wa pale akatuonyesha vile vifuko vyao kabla kipepeo hajatoka, vingine vya kijani, vingine ungesema ni jani kavu, vimepangwa kwenye pamba tayari kusafirishwa. Kimoja kikatikisika. Nilipiga kelele. Yule dada akatueleza kwamba mwenye kuwafuga hupata hela yake, na ndio maana hataki msitu ukatwe, maana vipepeo wenyewe watoka humo. Tulichelewa soko siku hiyo na baba hakulalamika hata kidogo.

Si kwamba kila alichosema kilikuwa kweli, wacha niwe muwazi. Kuna habari yake ya twiga wa Malindi aliyepelekwa China kwa jahazi, nilipoisema darasani nilichekwa mpaka nikalia, na ukubwani nikasoma mwenyewe kwamba ni kweli, mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme wa China twiga. Lakini pia aliniapia kwamba Vasco da Gama amezikwa pale kwenye lile kanisa dogo la Wareno karibu na bahari, nadhani ni kwa sababu pana makaburi. Nikiwa kidato cha pili nikamletea habari kwamba huyo mtu alifia Kochi huko India mwaka 1524. "Nani kakwambia?" Kitabu. "Na kitabu kiliambiwa na nani?" Hapo nilishindwa, na mpaka leo hajakubali vizuri.

Siku ninayoikumbuka sana lakini ni siku ambayo hakuuliza. Tumefika sokoni, dalali mmoja waliyejuana miaka akaja mbio mbio mpaka dirishani, akamwambia leo soko limejaa, malori mawili ya Tana River yameingia usiku, uza sasa hivi kabla bei haijafa. Baba akauza. Gari zima, palepale, bei ya kutupa. Tukaenda kunywa chai na mahamri, na pale mezani tukasikia wenzake wakizungumza bei, karibu mara mbili ya yetu, na lori la Tana River hakuna aliyeliona. Baba akamaliza chai yake. Akalipa. Hakurudi kumtafuta yule mtu.

Njia nzima kimya, Mtwapa kimya, Vipingo kwenye makonge kimya, nami naogopa hata kukohoa. Tulipofika njia panda ya Takaungu ndo akasema, macho yako barabarani, "Leo sikuuliza." Basi, hilo tu.

Kilifi karibu na daraja akasimamisha gari, kijana akaja na pakiti za korosho. Baba akachukua moja akaigeuza geuza kwenye mwanga. "Za lini hizi?"

"Za leo mzee, zimekaangwa alfajiri."

"Nani kakwambia?"

Yule kijana akamshangaa. "Si mamangu ndo kazikaanga, na kuni nimechanja mimi."

Baba akanunua pakiti nne.