Barua kwa mwanangu: wembe wa bei chee

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Hapa Ngamiani, Tanga, sote wazima, ila goti la mama yako linamsumbua asubuhi. Paka wako mzee bado yupo na anakula kuliko sisi sote.

Picha ulizonitumia kutoka duka kubwa la Walmart la huko Columbus, Marekani, nimeziangalia mara tatu, tena na miwani. Umeniuliza kama ile sabuni ya duara, brashi, kibakuli na mashine ya chuma ya kunyolea ndevu, ya wembe mmoja, vinafaa kitu, au ni kutupa hela kwa sababu bei yake ni chee mno. Na umesema mashine ya plastiki yenye nyembe tano imekujaza vipele shingoni.

Nianze na vipele, maana ndivyo vilivyokufanya unikumbuke. Nywele zetu sisi zimejikunja. Kwenye mashine ya nyembe nyingi, wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata ukiwa umevutika, kisha kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Kikianza kuota tena, hakioni njia ya kutokea, kinajipinda na kuchoma nyama. Jeshi la Marekani lenyewe limewaandikia askari wengi weusi ruhusa ya daktari wasinyoe ndevu kwa ajili ya jambo hilo hilo. Kwa hiyo wembe mmoja ndio dawa yako, uwe wa bei ya juu au ya chini.

Na hapo ndipo bei ya chini inapoacha kuwa aibu. Bwana King C. Gillette, aliyebuni wembe bapa wa kutumia na kutupa, alianza kuuza mashine yake kule Boston, Marekani, mwaka 1903, na mwaka huo aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Hataza yake ya 1904, yaani haki ya kuutengeneza peke yake, ilikwisha muda zamani, na ule wembe bapa wa makali mawili, wenye mfereji katikati, ulishatulia umbo lake tangu miaka ya 1930. Hauna mwenyewe tena. Wembe wa Nacet unaoukuta kwenye kiduka cha hapa mtaani unaingia kwenye mashine ya Walmart bila ubishi, na ya Walmart ingeingia kwenye ile mashine yangu yenye kutu. Vichwa vya nyembe tano haviko hivyo: kila kampuni ina kufuli lake, na ukishanunua mpini umeshaoa. Kwa hela ya pakiti moja ya vichwa vile utapata nyembe bapa za miezi. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini wahenga hawakuwa wakiuza nyembe.

Wembe ukiwa wa bei ndogo usiufanyie ubahili tena. Nikiwa bado najifunza kazi ya kinyozi, fundi wangu alinituma nikamnyoe bwana harusi nyumbani kwao. Tulikuwa tunauvunja wembe katikati ukiwa ndani ya karatasi yake, nusu unaipachika kwenye kishikio, nusu unaiweka. Mimi nikajitia mjanja, nikachukua nusu iliyokwisha kunyoa videvu vitatu, nikaona si haba, bado inang'aa. Kufika chini ya kidevu ikakwama, nikaisukuma. Damu ilidondoka kwenye kanzu nyeupe, shangazi zake wakaangua kelele kama nimemchinja. Nusu ya wembe ilikuwa senti, kanzu nililipa kwa wiki sita. Wewe utumie mara nne, ukiona unavuta badala ya kukata, basi mara tatu. Zilizokwisha zitie kwenye kopo la bati, mtu wa taka asijikate.

Brashi sasa. Geuza kisanduku usome nyuma. Ukiona neno "boar", hizo ni nywele za nguruwe, na sitaki kukuona nazo usoni halafu unakwenda kuswali. Hata ukiacha dini, brashi ya namna hiyo inataka kulowekwa maji moto kwanza, na siku za mwanzo inanuka zizi. Tafuta iliyoandikwa "synthetic". Nywele zake ni za kiwandani, hazina haja ya kuloweka, na zinakauka upesi. Hata iwe ya dola chache, itakutosha. Kama seti nzima imefungwa pamoja na hiyo ya nguruwe, achana na seti, nunua kimoja kimoja.

Sabuni ya duara ni nzuri kuliko sura yake. Wengi wanaikataa kwa kuwa hawajui kuitengeneza povu, wanarudi kwenye kopo la povu la kufyatua, ambalo ni hewa unayolipia. Kabla hujaingia kuoga, imwagie kijiko kimoja cha maji moto juu, iache. Ukitoka, yamwage, zungusha brashi juu yake kama nusu dakika, uhamie kwenye kibakuli. Povu la kwanza litakuwa na mapovu makubwa kama ya kufulia, hilo halifai. Endelea kuzungusha, ongeza tone la maji kwa ncha ya kidole, mpaka ling'ae na kusimama kama mtindi mzito. Maji ya huko yakiwa magumu, kama yale ya kisima chetu cha zamani, sabuni itakataa kutoa povu. Usiilaumu. Ongeza sabuni.

Mahali ambapo ningekuambia usiangalie senti ni mashine yenyewe. Ile ya bei ya chini kabisa inaweza kuwa sawa, lakini kabla ya kunyoa tia wembe, ukaze, uinue kwenye mwanga. Makali yachungulie sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukitoka zaidi, fungua uukaze upya. Ukiendelea hivyo, irudishe. Huko wanapokea vitu vilivyorudishwa, bahati yenu.

Siku ya kwanza usiibonyeze. Uzito wake unatosha. Pitisha vidole shingoni kwanza, ujue ndevu zinalala wapi, maana zako, kama zangu, upande wa kushoto zinakwenda kwa ubavu kuelekea sikioni. Nyoa kwa kuzifuata, mara moja, basi. Zikibaki fupi fupi zikikwaruza, acha zikwaruze. Na hivyo vipele vilivyopo vingoje vikauke kabla hujavipitishia chuma.

Ile chupa ya maji ya buluu ya kupaka baadaye iache rafuni. Jirani yetu anasafiri kwenda Ohio mwezi ujao, nimeshamfungia jiwe la shabu ndani ya kikoi kilichokuwa changu. Lichovye maji baridi, upake, subiri kidogo, usuuze. Nilitaka kumpa na vijipakiti viwili vya Nacet, mama yako akanikumbusha kuwa kwenye begi la mkononi hazipiti uwanja wa ndege, kwa hiyo ameziweka kwenye sanduku kubwa, chini ya pilipili manga na karafuu. Zikifika zinanuka karafuu, ujue ni yeye.

Baba yako