Tenzi za zamani kwa sauti za wanaume: ingieni wote kwa pamoja

Mkuu, nimekuelewa hivi: nyinyi ni kwaya ya wanaume 14, mnataka kutoa albamu ya tenzi za kanisani zile wazee walizokua nazo, na prodyuza amewaambia muingize sauti moja moja, teno (sauti ya juu ya wanaume) leo, besi (ile nzito ya chini) kesho, juu ya biti aliyokwisha kuitengeneza. Unauliza kama ndivyo inavyofanyika. Nimeimba besi kwenye kwaya ya wanaume kwa miaka mingi, na nimepita njia zote mbili, ya kibanda cha studio na ya kusimama wote kanisani. Ushauri wangu ni mmoja: biti ikataeni, na muimbe wote kwa pamoja, chumba kimoja.

Prodyuza wenu hana nia mbaya. Studio nyingi za mtaani zimejengwa kwa msanii mmoja: kibanda kidogo, maiki moja, hedifoni. Kwa bongo fleva, au kwa kwaya yenye magitaa na ngoma, utaratibu huo unatoa kazi nzuri tu. Tenzi ni habari nyingine. Anayesikiliza "Mwamba wenye imara" ameuimba msibani, ameuimba na bibi yake jioni taa ikiwa imezimwa, na anajua mahali ambapo watu wote huvuta pumzi na mahali wanapokawia kidogo kabla ya mstari wa mwisho. Kukawia huko hakumo kwenye mapigo ya kompyuta. Mkiimba na kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, sikioni kila mstari utaingia kwa wakati wake, na msikilizaji ataona kuna kitu kimeondolewa hata kama hawezi kukitaja.

Halafu kuna suala la sauti zenyewe. Besi anaimba huku anamsikiliza teno ya kwanza. Mfungie kibandani peke yake, atatoa nota sahihi, lakini hajui wenzake wamefungua mdomo kiasi gani kwenye "a", wala nani amepunguza nguvu mwishoni mwa mstari. Ukija kuzipandanisha zile sauti nne, kila moja iko sawa na zote pamoja hazishikani. Hakuna miksi inayoponya hilo.

Sasa kabla ya kutafuta ukumbi, mkalisheni chini mwalimu wenu. Nota za tenzi tulizonazo nyingi, ziwe za do-re-mi au za mistari, zimepangwa kwa kwaya ya mchanganyiko, wanawake kwa wanaume: sauti ya kwanza na ya pili za wanawake, ya tatu na ya nne za wanaume. Wanaume wakiichukua sauti ya kwanza na kuishusha oktavu, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, wimbo wenyewe (melodi ambayo kila mtu anaijua) unaangukia chini ya sauti ya tatu na kumezwa. Mpango unaokubali ni huu: wimbo apewe teno ya pili, sauti ya pili ya kitabuni ibaki palepale iliposimama lakini iimbwe na teno ya kwanza juu ya wimbo, besi ibaki na kazi yake, na baritoni, sauti ya kati ya teno na besi, atungiwe njia ya kujaza kilichopungua. Mara nyingi itabidi mpandishe toni moja au moja na nusu ili teno ya pili asiwe anaongea badala ya kuimba. Na jambo ambalo walimu wengi hulipita: besi ikiwa kwenye do ya chini kabisa, baritoni asikae kwenye mi iliyo jirani nayo. Huko chini sauti mbili zikikaribiana hivyo zinatoa mvumo tu. Mpe so, na mi iimbwe na mtu wa juu.

Idadi nayo muiangalie. Wanaume 14 hawagawanywi sawasawa. Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini, kundi lililoanzishwa na marehemu Joseph Shabalala, mpangilio wao wa kawaida ni kiongozi mmoja, alto mmoja, teno mmoja na besi saba. Siwaambii muimbe isicathamiya, mtindo wao wa Kizulu wa kuimba bila ala, ila sikilizeni jinsi chini kulivyo kuzito na juu kunavyohitaji watu wachache. Mimi ningeweka teno ya kwanza wawili wenye sauti laini, teno ya pili wanne, baritoni watatu na besi watano. Teno ya kwanza wakiwa wengi watashindana kupaza, na wimbo ambao watu wanaupenda utapotea chini yao.

Mazoezini, shughulikieni neno kwa neno. Chukua "msalaba". Ile "m" ina silabi yake, inachukua nota nzima. Kwenye kwaya moja utakuta wazee wanaimba "mu", vijana wanafunga midomo, na mmoja anairuka kabisa anaanzia "sa". Ibadani hakuna anayegundua. Maiki inagundua. Amueni moja, mimi napendelea midomo ifungwe na nota ishikwe puani kwa nguvu ileile, kwa sababu "m" ikilegea ndipo sauti inapoanza kushuka.

Na kushuka ndiyo adui yenu mkubwa mkiimba bila kinanda. Mnaanza ubeti wa kwanza kwenye G, mnafika wa nne mko karibu na F kali, na kila mtu anaona yuko sawa kwa sababu mmeshuka wote. Mi na ti ndizo zinazolegea kwanza, hasa pale wimbo unaporudia nota moja mara nyingi. Dawa yake ni kuzoea kuimba utenzi wote bila kinanda kisha kugonga nota ya mwisho kuona mko wapi, kila zoezi, bila huruma. Siku ya kurekodi mwalimu awape nota upya kabla ya kila jaribio. Kama hamjashuka, prodyuza anaweza kuchukua ubeti wa pili wa jaribio hili akauunga na wa tatu wa jaribio lile. Mkishuka, haziungani.

Ukumbi: kanisa la ukubwa wa kati, lenye mabenchi ya mbao, mbali na barabara. Nendeni usiku, bodaboda zikishapungua, na msipange msimu wa mvua kama paa ni la bati. Zimeni feni, na friji ya chumba cha jirani msiisahau. Ukumbi ukiwa unarudisha mwangwi mno, tandikeni blanketi ukutani nyuma ya maiki. Simameni nusu duara, besi nyuma katikati. Maiki mbili za kondensa, zile zenye usikivu mkubwa, zinatosha, mbele yenu hatua tatu hivi na juu kidogo ya vichwa. Mtindo uliotoka redio ya Ufaransa wa kuziacha sentimita 17 kati yake na kuzifungua nyuzi 110 unafaa sana kwa kundi la ukubwa wenu. Mtu akisikika kupita wenzake asiguswe kwenye kompyuta, arudi hatua moja nyuma.

Imbeni utenzi mzima kila jaribio, msirekodi mstari kwa mstari. Zile za juu ziimbwe mapema, teno wakiwa bado wana koo. Na tafadhali, ubeti wa kwanza uacheni ulivyo, jinsi watu wanavyoujua. Mapambo ya mwalimu yaanzie wa pili au wa tatu, msikilizaji akishaingia ndani ya wimbo.

Kuhusu haki: sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Augustus Toplady, mtunzi wa "Mwamba wenye imara", alifariki 1778, na Fanny Crosby, mtunzi mwingine wa tenzi, 1915, kwa hiyo maneno yao ya asili ni huru. Maneno ya Kiswahili ni kazi ya watafsiri, na wengine si wa zamani hivyo, basi ulizeni mchapishaji wa kitabu mnachotumia na mpate jibu kwa maandishi. Mpangilio wa mwalimu wenu ni mali yake. Andikishaneni naye kabla, kisha mpeleke kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Miksi ikitoka, mwambieni prodyuza asiweke otoitune (programu ya kunyoosha nota) wala mwangwi wa ziada juu ya ule wa kanisa. Kisha wapeni wasikilize wazee wawili watatu wasioimba kwaya. Wakianza kuimba pamoja na redio kabla ubeti wa kwanza haujaisha, pelekeni kazi sokoni. Wakinyamaza na kusifu, rudini kanisani.

Mkishapata ukumbi niandikie hapahapa urefu wake, paa ni la nini na sakafu ni ya nini, nitakuambia maiki zianzie wapi.