Mwewe asiyekuogopa: mtazame miguu kabla hujashika manati

Wafugaji wenzangu wa kuku wa kienyeji, kila vifaranga wanapoanguliwa swali ni lile lile: nimfanyeje mwewe? Kwa mwewe wa kawaida jibu ni fupi, na wengi mnalijua. Vifaranga wakae kwenye tenga au kwenye banda lenye wavu juu mpaka wachangamke vya kutosha, na mama yao akitoka nao atoke penye vichaka vya kukimbilia. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Sijawahi kuona sababu ya kuwachafua watoto wa watu wakati wavu upo dukani.

Leo nataka kumzungumzia mwewe mwingine. Yule ambaye ukimtupia jiwe anaruka kidogo kisha anarudi. Anatua ukutani, karibu kabisa na ulipoinama kuosha vyombo, anakukodolea macho na kulia. Huku kwetu Dodoma, upande wa Hombolo, amewahi kunijia wa namna hiyo, na tangu hapo watu wa vijiji vya jirani wakimwona ndege wa ajabu wananipigia simu mimi. Kwa hiyo naandika niliyojifunza, nanyi mpunguze simu.

Kwanza tofauti. Mwewe kwa asili ni jasiri. Nenda popote panapochomwa nyama hapa Dodoma, utamwona anashuka na kumpokonya mtu mshikaki mkononi. Lakini ujasiri huo ni wa kibaka: anashuka, ananyakua, anakwenda zake, na mara nyingi anakula huko huko angani. Aliyelelewa na watu hafanyi hivyo. Anakaa na kungoja apewe. Wa kwangu alikuwa mkubwa kamili, ana manyoya yote, lakini kila nikitoka na kisu na bakuli la nyama alikuwa analegeza mabawa, anayatetemesha na kulia kama kinda anayedai chakula kwa mama yake. Ndege anayetolewa kwenye kiota akiwa mdogo sana na kulishwa na binadamu hukua akiamini kwamba binadamu ndio ndugu zake. Hali hiyo haifutiki kirahisi kwa sababu tu amepata mwanya wa kuruka.

Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, alikuja na manati ya mjukuu wake.

"Mwanangu, huyo katumwa. Ndege wa kawaida hamwangalii mtu hivyo."

"Babu, katumwa na njaa. Hebu mwangalie mguuni."

Akaangalia. Kulikuwa na kamba ya nailoni, imening'inia urefu wa kama mkono, mwisho wake umechanika. Mzee akarudisha manati mfukoni, ingawa sidhani kama alibadili mawazo yote.

Hiyo kamba ndiyo habari yenyewe ya leo. Watu wakisikia ndege mwindaji katoroka mikononi mwa watu, wanauliza kama atajua kuwinda. Kuwinda kumo ndani yake, hata kama anahitaji muda wa kujaribu na kukosa. Mjini New York kulikuwa na bundi mkubwa wa jamii ya Ulaya na Asia, jina lake Flaco. Alianguliwa mwaka 2010 kizuizini, na tarehe 2 Februari 2023 mtu asiyejulikana alikata wavu wa kizimba chake katika bustani ya wanyama ya Central Park. Walinzi wake walihofia atakufa njaa, maana hakuwahi kuishi porini hata siku moja. Hazikupita wiki mbili alikuwa anakamata panya mwenyewe, wakaacha kumfukuzia. Uingereza nako, kozi mkubwa wa msituni, naye ni ndege mwindaji, alikuwa amekwisha kabisa mwishoni mwa karne ya 19. Wanaoonekana sasa wametokana kwa sehemu kubwa na ndege wa watu wanaowinda kwa kutumia kozi: wengine walitoroka, wengine waliachiwa kwa makusudi, hasa miaka ya 1960 na 1970. Leo wanazaliana kwenye misitu ya huko kama wenyeji.

Kwa hiyo njaa si adui wake wa kwanza. Kamba ndiyo. Nchi yetu hii ni ya miba. Mgunga, mkambala, na vichaka vyote vya kuanzia Bahi mpaka Mpwapwa vimejaa miba, mingine imepinda kama ndoana. Ndege anayeruka na kamba atatua mtini siku moja, kamba izunguke tawi, naye abaki ananing'inia kichwa chini mpaka afe. Asiponasa, kamba inakaza mguu anavyozidi kukua, damu haipiti, vidole vinavimba. Wa kwangu alikuwa amefika hapo. Kidole cha nyuma, kile chenye ukucha wa kushikia windo, kilikuwa cheusi.

Wenzetu wanaowinda kwa kozi, kuanzia nchi za Ghuba hadi Ulaya, humvisha ndege vikamba vya ngozi na kengele, na siku hizi kifaa cha redio cha kumtafutia akipotea. Kwetu utamaduni huo haupo. Ukimkuta ndege wa Dodoma ana kamba, mara nyingi ni vijana waliopanda mti wakachukua kinda, au mtu aliyemtega kwa biashara au kwa uganga. Wa kwangu nilikuja kujua kuwa alilelewa na vijana wa kitongoji cha pili. Si watoto wabaya. Walikuwa wanampenda kweli, na walimpa utumbo wa kuku kila siku, wakidhani mla nyama anahitaji nyama tu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwewe porini anakula panya mzima: mifupa, manyoya, vyote. Mifupa inampa madini ya kujenga mifupa yake mwenyewe, na manyoya yasiyosagika anayatapika kama tonge dogo kavu. Kinda anayelishwa nyama tupu au utumbo mtupu anakua na mifupa laini, miguu inapinda, mabawa yanavunjika bila sababu. Ukiokota ndege wa namna hii na ukalazimika kumlisha kabla hujapata msaada, mpe panya mzima aliyenaswa kwa mtego. Asiwe panya aliyekula sumu, na asiwe kuku aliyekufa kwa kideri. Maji usimmiminie mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Mkate na ugali, tafadhali, acha.

Sasa namna ya kumkamata. Usimkimbize. Nilianza kumwekea nyama mlangoni mwa banda tupu, kila siku naisogeza ndani kidogo, mpaka siku aliyoingia mwenyewe nikafunga mlango. Halafu nikachukua kitenge kizito. Watu wanaogopa mdomo, lakini silaha yake ni miguu. Mfunike mwili wote pamoja na kichwa. Akiona giza anatulia ghafla, utashangaa. Bana mabawa kwenye mwili wake bila kumkandamiza kifua, kwa sababu ndege anapumua kwa kukisogeza. Shika miguu yote miwili juu kidogo ya vidole, na usimpe nafasi ya kukushika. Akikushika kucha, usivute; tulia, mwenzako azikunjue moja moja kuanzia ya nyuma. Kisha mtie kwenye boksi la karatasi lenye matundu, lenye kitambaa chini. Kizimba cha waya hakifai. Atajigonga, manyoya ya mabawa yatavunjika, na manyoya hayo hayarudi mpaka msimu wa kunyonyoka.

Kamba iliyozama kwenye nyama usiikate mwenyewe kwa wembe. Mimi nilimpeleka kwa bwana mifugo. Alicheka kwanza, kisha akavaa glavu, akaikata kwa mkasi mdogo na kusafisha kidonda. Kidole cha nyuma hakikupona, kikaja kuanguka chenyewe.

Kabla ya hayo yote nilikuwa nimeshapita kwa mtendaji wa kijiji, naye akampigia afisa wanyamapori wa wilaya. Hili msilipuuze. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa, na ndege wa porini ni mnyamapori hata kama ulimkuta kwenye paa lako akidai chakula. Nia njema yako haionekani kwenye boksi. Inayoonekana ni mwewe ndani ya nyumba ya mtu. Ukimpigia mhusika mapema, ukampa picha ya kamba na ya mahali ulipomkuta, utaambiwa cha kufanya, na jirani mwenye chuki hatapata la kusema.

Nilielekezwa nimkalie kimya mpaka kidonda kifunge. Kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Chumba chenye giza, watoto marufuku, hakuna kumpa jina, hakuna kumpigia mluzi, chakula kinawekwa akiwa haoni mkono wa anayeweka. Unamwachisha watu. Baada ya hapo tukamfungulia asubuhi, jua likiwa limeanza kupasha hewa joto, siku isiyo na mvua, karibu na alipozoea kuonekana. Kumpeleka mbali eti "porini kabisa" ni kumtupa ugenini kwenye himaya za wenzake.

Alirudi? Alirudi sana. Alikaa ukutani akalia, nasi tukamnyima. Akachukua kifaranga, nikakaza wavu. Siku zikawa zinapungua, mpaka nikaanza kumwona kule bwawani na mwewe wengine, wakiokota mabaki ya samaki. Namjua kwa mguu usio na kidole cha nyuma anapojikunja kutua.

Jambo moja linachanganywa na hili. Kamba ni kitu kimoja, pete ni kingine. Kuanzia mwezi wa kumi na moja anga letu hupokea wageni kutoka Ulaya na Asia: tai, vipanga wadogo, mwewe. Hukaa nasi msimu wa mvua kisha hurudi kwao kuzaliana. Baadhi wana pete nyepesi ya chuma yenye namba, iliyovishwa na watafiti. Kusini mwetu, Ruaha, kuna tumbusi waliofungwa vifaa vya satelaiti ili ijulikane wanaruka mpaka wapi na wanafia wapi. Hao hawajatoroka popote. Ukimkuta akiwa hai na mzima, mpige picha ukiwa mbali na umwache. Akiwa amekufa, andika namba yote na maandishi yote, piga picha, mpe afisa wanyamapori. Wala usiingie kwenye mkumbo wa kusema ni jasusi. Mwaka 2011 Saudi Arabia walimkamata tumbusi mwenye kifaa na kitambulisho cha chuo kikuu cha Tel Aviv, watu wakavumisha kuwa ni mpelelezi. Alikuwa anatafuta mzoga tu.

Bundi naye anastahili neno, maana anauawa kwa mawe kabla mtu hajaangalia kama ana kamba. Ukiwa na ghala la mtama au uwele, bundi ndiye mlinzi wa usiku asiyedai mshahara. Kama imani yako inakuzuia kumgusa, usimguse. Piga simu, uingie ndani ulale.

Namalizia na sumu, kwa sababu ndiyo itakayomaliza kazi yote niliyoeleza hapo juu. Yule Flaco alifariki tarehe 23 Februari 2024 baada ya kugonga jengo. Uchunguzi ulikuta mwilini mwake aina nne za sumu ya panya na ugonjwa mkali wa virusi alioupata kwa kula njiwa. Mwaka mzima alijilisha mwenyewe, na chakula chenyewe ndicho kilichomdhoofisha. Kwetu hali haina tofauti. Sumu ya panya unayoitawanya ghalani haimuui panya papo hapo. Anatembea nayo siku kadhaa, amezubaa, na ndege mwindaji anamchukua huyo huyo aliye rahisi. Tega mitego, au funga ghala vizuri. Na kweleakwelea wanapovamia mtama Bahi au Kondoa, ndege ya kunyunyizia dawa ikapita jioni kwenye malalo yao, asubuhi mwewe na tai wanakusanyika kuokota walioanguka, nao wanadhurika kwa dawa hiyo hiyo. Ukisikia tangazo la kunyunyizia, zuia watoto na mbwa wasiende kule, fukia mizoga iliyoanguka shambani kwako ukiwa na glavu, na kweleakwelea wa kula mnunue kwa aliyewatega kwa wavu mahali ambako ndege hiyo haikupita. Muulize aliwatega wapi na lini. Asiyekujibu, mwachie kweleakwelea wake.