Mwanangu, unauliza nchi ipi ina maisha bora

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata pamoja na lile jedwali ulilolinganishia nchi mbili. Unataka nikuambie, kati ya nchi unayoishi sasa na ile iliyokupa kazi, ipi ina maisha bora, maana kwenye jedwali lako nchi ya pili imeipita ya kwanza karibu kila mahali. Kazi umeifanya vizuri. Ila namba hizo zinazungumzia nchi nzima, na anayehama ni wewe, mwenzio na mtoto.

Pato la wastani ndilo ulilolipaka rangi, basi tuanze nalo. Chukua watu kumi: tisa wanapata 1,000 kwa mwezi, mmoja anapata 91,000. Wastani wao ni 10,000, na hakuna hata mmoja anayeipata. Tafuta kipato cha mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya watu wanampita na nusu anawapita. Simon Kuznets, aliyeongoza hesabu za mwanzo za pato la taifa la Marekani, aliwaonya wabunge wa huko mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hausomeki kwenye pato hilo. Bado tunausoma humohumo.

Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ina nafuu. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walianza kuitoa mwaka 1990, mchumi Mahbub ul Haq akiwa mbele na mchumi mwenzake Amartya Sen akichangia fikra. Inachanganya umri wa kuishi, miaka ya shule na kipato. Lakini umeandika pembeni kwamba hapo ulipo "watu wanakufa na miaka 62". Hapana. Hiyo 62 ni wastani wa umri wa kuishi, na vifo vya watoto wachanga huushusha sana. Aliyekwisha kuvuka utoto hutarajiwa kuishi zaidi ya hapo. Wewe mwenye mtoto mdogo, tafuta idadi ya vifo vya walio chini ya miaka 5, uitazame peke yake.

Sasa pesa, na hapa usiwe na haraka. Vipato ulivyonakili vimerekebishwa kulingana na bei za kila nchi, kwa kuwa pango na ada ya kinyozi havifuati kiwango cha benki cha kubadilishia fedha. Marekebisho hayo yanakufaa kwa pesa utakayoila hukohuko. Lakini umesema theluthi ya mshahara utaituma kwetu. Hiyo itapita kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo, ikatwe na gharama ya kutuma. Kwa hiyo gawa mshahara mafungu mawili kabla ya kulinganisha chochote. Kwenye nchi ya bei kubwa, fungu la kutuma huonekana nono huku la kujikimu likikonda, na sisi tunaopokea tunaona lile la kwanza tu. Halafu bei hizo ni za wastani wa nchi, na kazi yako iko mji mkuu. Uliza pango la mtaa utakaoishi.

Safu ya furaha nayo haipimi kicheko. Watu huambiwa wafikirie ngazi ya vidato 0 hadi 10, juu kabisa yakiwa maisha bora wanayoweza kuyawaza, kisha waseme wamesimama kidato gani. Naiheshimu, ila katika nchi nyingi wengi wa wanaojibu wamezaliwa papo hapo na ndugu zao wapo karibu; wewe utakuwa mgeni.

Nina maswali yasiyo na safu kwenye jedwali lako. Je, kibali chako kimefungwa kwa mwajiri mmoja? Akikuachisha, una siku ngapi kabla ya kutakiwa kuondoka? Bima inamhusu mtoto au wewe tu? Je, mchango wa pensheni watakaokukata utakufuata ukihama? Nchi nyingine zina mikataba ya kutambuliana michango hiyo, nyingine hazina kabisa. Na mwenzio ataruhusiwa kufanya kazi? Hilo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kama jibu ni hapana, mimi nisingehama hata kwa mshahara huo, maana mtakuwa wawili mnaotegemea barua moja ya ajira.

Mwandikie mwajiri leo, akujibu kwa maandishi, si kwa simu. Majibu yakija, nitumie pamoja na makadirio ya pango, tupige hesabu upya tukiwa na baba yako.

Mama yako