Kilatini cha mahakamani: anza na maneno yanayoua kesi

Mkuu, umeuliza ujifunze maneno yapi ya Kilatini kabla kesi yako ya madai haijaanza, maana orodha uliyopewa ni ndefu mno. Nimefanya ukarani katika ofisi ya mawakili kwa muda mrefu, na ningekuwa wewe ningeiweka kando. Prima facie, bona fide, mutatis mutandis na wenzao utawaelewa humohumo kwenye sentensi. Shika yale yanayoweza kuimaliza kesi kabla shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani.

La kwanza ni locus standi: wewe ni nani hata ulete shauri hili? Mtoto anadai nyumba ya marehemu baba yake ilhali hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Wakili wa upande wa pili anaweka pingamizi la awali, na kesi inaweza kuishia hapo hata kama nyumba ni yao kweli.

Res judicata ndiyo niliyoona ikiliza watu wengi. Jambo lilelile, baina ya watu walewale, likishaamuliwa na mahakama yenye mamlaka, halifunguliwi upya. Kilichobaki ni rufaa. Ila wengine hukata tamaa mapema. Soma amri yenyewe: madai yalisikilizwa yakaamuliwa, au kesi iliondolewa kwa kasoro tu, mathalani hati ya kiapo (maelezo ya maandishi unayoyaapia) iliyoandaliwa vibaya? Kama ni kasoro, kwa kawaida unarekebisha na kufungua tena, ilimradi muda wa kisheria haujapita. Hapo ndipo wengi hukwama, maana wanakaa wakinung'unika huku siku zinayoyoma.

Ex parte ni kusikilizwa upande mmoja. Ukiletewa zuio, yaani amri ya kukukataza jambo, lililotolewa kwa namna hiyo, usibabaike wala usilipuuze. Aliyeliomba alitakiwa kumweleza jaji kila jambo la maana, hata linalomuumiza mwenyewe. Akificha, hiyo ni hoja nzito ya kuomba amri iondolewe. (Uingereza ilipoleta kanuni mpya za madai mwaka 1999, neno hili liliachwa ikaandikwa tu "bila taarifa". Kwenye hukumu za zamani bado limejaa.)

Ukiambiwa kuna hukumu ya kesi nyingine inayokubeba, uliza kama maneno hayo ni ratio decidendi, yaani sababu iliyobeba uamuzi, au ni obiter dictum, jaji alisema tu kwa kupita. Ya pili inaweza kushawishi, lakini haimfungi hakimu wako.

Halafu sine die, kuahirishwa bila tarehe. Usirudi nyumbani kungoja simu. Andika barua ya kuomba tarehe, ipeleke masjala, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mahakama nyingi zina uwezo wa kufuta shauri lililokaa bila hatua yoyote, na ikifika huko, nakala hiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye hati yako ya kiapo kuonyesha hukukaa kimya.