Shindano la insha kuhusu uhuru wa dini: pa kuanzia

Mdogo wangu, nimekuelewa: unataka kushiriki, ila unahofia kuudhi dini za wenzako. Usianze kwa fasili ya kamusi, ambayo majaji huichoka mapema. Anza na yule msichana Mrastafari aliyezuiwa kusoma kwa sababu ya rasta alizozifunika kwa kilemba, hadi Mahakama Kuu ya Kenya ilipompa haki mwaka 2019. Kisha soma Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010, hasa kifungu kinachokataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa ajili ya imani yake. Ukitumia kisa cha shuleni kwenu, usitaje majina ya watu, na rasimu mwonyeshe mwalimu wako mapema. Mimi niliwahi kukatwa alama kwa kuzidisha maneno tu.