Mahindi yangu yanatoa watoto pembeni, niwang'oe?

SWALI: Habari za kazi bwana shamba. Nipo Kibaha, nimepanda mahindi nyuma ya nyumba, kaeneo kadogo tu, mvua za vuli zimeyakubali na samadi ya kuku nilimwaga ya kutosha. Sasa yamefika magotini naona kila shina linatoa watoto chini, mengine wawili mengine hadi watatu. Mzee jirani kanambia niwang'oe wote, wanamnyonya mama afu sitavuna kitu, mume wangu nae anasema niache. Nimsikilize nani? (Mama Wawili, Kibaha)

JIBU: Mama Wawili, leo mumeo kashinda. Waache.

Hindi linatoa machipukizi kwenye vifundo vya chini kabisa pale linapoona nafasi ipo, jua lipo, maji na mbolea havina shida, na we umemwaga samadi ya kuku juu ya mvua, ulitegemea nini? Kwenye shamba lililobanana huwaoni, au wanaanza tu afu wanakufa wenyewe kwa kukosa mwanga. Mbegu nayo inachangia, mahindi matamu na ya bisi ndo yanazaa watoto balaa.

Mzee simlaumu, nadhani kalitoa kwenye migomba na nyanya, na kule yuko sahihi kabisa, mgomba ukiuachia machipukizi yote unaishia na vimikungu vya aibu. Ila mtoto wa hindi ana majani yake, anajipikia mwenyewe, baadae anashusha na mizizi yake, na kama hajabeba kitu basi sukari yake inaweza kwenda kwa mama wakati anajaza punje. Watu washafanya majaribio, huku wanang'oa huku wanaacha, na waliong'oa hawakuvuna zaidi, wengine walivuna pungufu. Halafu ukimvuta unachana shina la mama palepale karibu na udongo, kidonda kibichi na mvua hizi, unafungulia magonjwa mlango bure.

Ila kabla hujatulia fukua kidogo kwa kidole uone huyo mtoto katokea wapi. Kama ameshikana na shina la mama, sawa. Kama ana mzizi wake na ganda la mbegu yake, huyo sio mtoto, ni mche mwingine uliopanda shimo moja, na hao ndo wanagombania chakula kweli. Ulitakiwa upunguze mapema, sasa hivi mkate kwa kisu usawa wa udongo, usimng'oe ukatikisa mizizi ya mwenzie.

Na chungulia moyo wa mama, pale katikati majani machanga yanapotokea. Ukikuta majani yametobokatoboka na mle ndani kuna uchafu kama unga wa mbao uliolowa, hao ni viwavijeshi, waponde kwa mkono asubuhi au jioni. Jani la katikati likichomoka kirahisi limeoza, basi moyo umeshakufa, na watoto wametoka kuziba pengo, ukiwang'oa unabaki na kisiki.

Usitegemee mahindi ya kuchoma kwa watoto lakini, wengi hawabebi, wakibeba ni kahindi ka kuku. Na utashangaa mwingine anatoa punje juu kabisa kwenye mbelewele, yale maua ya kileleni, majirani wataanza maneno ya ushirikina, wala usihangaike, machipukizi yana tabia hiyo.

Nguvu zako peleka kwenye palizi, na kwa vile yamefika magotini weka urea, kizibo kimoja cha soda kwa shina, udongo ukiwa na unyevu, ifukie pembeni kidogo isiguse shina. Msimu ujao acha sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shina hadi shina, mbegu moja moja, na kwa kaeneo kadogo panda mistari mifupi minne au mitano iliyokaa pamoja badala ya mmoja mrefu kando ya ukuta, maana mahindi yanachavushwa na upepo, ukipanda mstari mmoja chavua, ule unga wa maua, inaishia kwa jirani na we unavuna magunzi yenye mapengo.